Rili ya Bunduki ya Mume Wangu

Mume wangu alijeruhiwa mkono na kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole. Bunduki ya kupigia samaki ina mipira miwili minene, na kabla ya kufyatua lazima uivute mipira hiyo nyuma mpaka kitanzi chake cha chuma kikae kwenye pengo la mshale. Siku hiyo alikuwa majini nje ya kisiwa cha Manda, kitako cha bunduki amekiegemeza kifuani, anavuta kwa mikono miwili kama alivyovuta tangu ujana wake. Kitanzi kikakatika. Kwa nje kilikuwa kinang'aa, kumbe kutu ilishakila kwa ndani. Kipande kimoja kikarudi na mpira kikampasua mkono wa kulia, baina ya kidole gumba na kidole cha shahada.

Alishonwa hospitali na jeraha likafunga vizuri, lakini kidole gumba hakikurudi kazini. Kilikuwa palepale mahali pake, hakina nguvu ya kushika. Akifunga vifungo vya kanzu vinamshinda. Akishika kikombe kwa mkono ule kinamponyoka. Kuvuta mipira ya bunduki ndiyo usiseme.

Mimi ni mshonaji. Nimezaliwa Amu, yaani Lamu, mjini kwenyewe, katika nyumba ambayo wanawake wote walikuwa na sindano mkononi, wengine wakishona kofia, wengine kanzu, na cherehani ninayotumia hadi leo nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Mume wangu ni mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, na kwao kuzamia ni jambo wanalojifunza kama kutembea. Tulipooana tukakaa mtaa wa Wiyoni, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo. Asubuhi yeye huenda baharini na mimi hukaa kwenye cherehani, na jioni kila mtu humwonyesha mwenziwe alichopata.

Baada ya kuumia akapata kazi ya kuvusha wasafiri kwenda na kurudi uwanja wa ndege wa Manda. Kazi ilikuwa nzuri, ya heshima. Akiamka, akivaa shati safi, akienda. Akirudi akikaa uani na bunduki yake mapajani, anazungusha mpini wa rili, kigurudumu chenye mshipi wa mshale, kwa kidole cha mkono wa kushoto, mshipi unatoka, mshipi unarudi. Hanung'uniki. Laiti angenung'unika. Mimi namtazama kupitia mlangoni, mguu uko kwenye pedeli ya cherehani, na nguo mbele yangu haiendi.

Siku moja nikamwambia, "Kwani kinachokushinda ni nini hasa? Kuzamia au kuvuta mpira?"

"Kuvuta mpira."

"Kupiga?"

"Nitapiga kwa mkono wa kushoto. Nishajaribu. Kifyatulio nakifikia."

"Basi mimi nitakuvutia mpira."

Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki.

"Weye? Baharini?"

"Mashua yako ina nafasi ya watu wawili. Mwenzio uliyekuwa ukizamia naye ameenda kufanya kazi bandarini, hakuna anayekaa pale mbele. Nitakaa mimi."

Siku ya tatu nikamwona anapasua gunia la zamani anatafuta vipande vya mpira, nikajua amekubali.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kitanzi. Nilimwambia chuma sitaki tena kukiona kwenye bunduki ile. Nilikuwa na uzi wa nailoni, ule mnene wa kushonea matanga, nikausuka mara tatu, nikaupaka nta, nikaufunga kwenye mipira yote miwili kwa fundo ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Uzi ukikatika utakuchapa tu, hautakupasua. Mume wangu akauvuta kwa mkono wake mzima, akauning'iniza kwenye boriti ya ukumbi, akajitundika nao kama mtoto. Haukukatika.

Bunduki yenyewe ilikuwa nusu ya kwetu na nusu ya ugenini. Mti wake aliuchonga mwenyewe. Kifyatulio na rili vilitoka kwenye bunduki iliyovunjika ya mgeni mmoja, aliyeiacha kwenye hoteli kule Manda. Rili ni gurudumu dogo la plastiki lililofungwa chini ya mti wa bunduki, na ndilo linalohifadhi mshipi. Samaki mkubwa akipigwa na kukimbia na mshale mwilini, gurudumu huzunguka na kumpa mshipi, ili asikuvute wewe. Vipuri vyake havipatikani Amu, na hata vingekuwapo usingeviulizia dukani, kwa sababu serikali imekataza bunduki za samaki. Wazamiaji wengi wanazo vilevile, lakini huzibeba ndani ya magunia, na zikiharibika kila mtu hujitengenezea nyumbani kwake, mlango umefungwa. Hilo nalijua na silifichi. Wakati ule tulikuwa hatuna njia nyingine ambayo moyo wake ungeikubali.

Mama yangu aliposikia akaja Wiyoni kwa miguu, jua kali, na buibui lake.

"Wenda baharini kufanya nini weye, mwanangu?"

"Namsaidia mume wangu, mama."

"Watu watasema."

"Watasema nini? Kwamba nimeonekana na mume wangu?"

Mama akauliza kama mashua ina kivuli. Nikamwambia haina. Akavua mtandio wake wa pamba, mweupe, mkubwa, akaniwekea juu ya cherehani. "Funga kichwa vizuri. Jua la baharini si la uani." Akaenda zake.

Siku ya kwanza nilitapika kutoka tulipoondoka mpaka tulipotia nanga. Sikuomba turudi. Nilikuwa nimevaa suruali ndani ya dera, na jaketi la kuokolea maisha juu yake, na mume wangu aliponitazama aligeuza uso ili nisimwone anavyotabasamu. Kuvuta mipira kulikuwa na kazi yake. Nilikaa ukingoni mwa mashua, mdomo wa bunduki ukiwa ndani ya maji upande wa nje, kitako nimekiegemeza kwenye paja juu ya leso iliyokunjwa mara nne. Mpira wa kwanza ulifika nusu ukarudi. Nikavuta tena. Mikono ya mshonaji si laini kama watu wanavyodhani, imezoea kukaza. Mara ya tatu kitanzi kikaingia kwenye pengo, kikalia "tik". Mume wangu alikuwa majini ameshika ukingo, maji yanamfika kidevuni.

"Na wa pili," akasema.

Nikavuta na wa pili.

Tulienda hivyo kwa majuma kadhaa, siku asizokuwa na zamu ya kuvusha wasafiri. Akipata samaki, changu au tafi, mara moja kolekole wa kiasi. Paja langu lilikuwa na alama ya buluu iliyokuwa haiondoki. Nikajifunza kusoma maji kidogo: mahali yeye alipo, mapovu yake, namna anavyoinua mkono akitaka bunduki. Nikajifunza pia kwamba nikihesabu muda wa pumzi yake chini nafa kwa hofu, nikaacha kuhesabu.

Kisha rili ikatuangusha. Alimpiga kolekole mkubwa karibu na ukingo wa mwamba, pale kina kinapoporomoka na kuwa cheusi. Mimi nilikuwa juu, sikuona kitu ila mume wangu akitokeza ghafla, bunduki ameiinua juu kwa mkono wa kushoto, na rili inalia kama inaparuzwa. Mara ikanyamaza. Gurudumu lilikuwa limezunguka kwa kasi kupita samaki mwenyewe, mshipi ukalegea, ukajirundika, ukajinyonga wenyewe kwa wenyewe. Samaki akaendelea kwenda. Bunduki ikamvuta mume wangu akazama mpaka kichwani, kisha mshipi ukakatika. Kolekole akaenda na mshale wetu mzuri.

Alipopanda mashuani alikuwa anahema. Akaweka bunduki miguuni pangu. Rundo lile la mshipi lilikuwa kama kiota cha ndege.

"Haifai tena," akasema. "Ni mtambo wa watu wengine. Hatuwezi kuupatia kitu."

Mimi nilikuwa naliangalia lile rundo, na nilikuwa nimeshaliona mara nyingi. Si baharini. Chini ya kitambaa, kwenye cherehani. Kikopo cha bobini, kile cha uzi wa chini, kina skrubu ndogo inayoubana uzi. Skrubu ikilegea, uzi wa chini hutoka kwa wingi kuliko unavyotakiwa na hujirundika hivyohivyo.

"Nipe nikaifungue nyumbani," nikasema.

"Utaifungua na nini?"

"Na bisibisi ya cherehani."

Nilipoifungua nikaona tatizo. Katikati ya gurudumu na ubavu wake palitakiwa kuwe na washa, kipande cha duara cha kubana, ili gurudumu lizunguke kwa uzito kidogo. Washa ilikuwa imelika mpaka imekuwa kama karatasi. Nikakata mpya kutoka kwenye kisigino cha makubadhi ya zamani. Ngozi nzuri, ngumu. Niliifunga, nikakaza skrubu kidogo, gurudumu likawa zito, linatii. Mume wangu akafurahi, akataka twende kesho yake.

"Kwanza tuilaze majini," nikasema.

"Ya nini?"

"Bahari ni maji, bwana."

Tukaitia ndani ya karai lenye maji ya chumvi. Asubuhi gurudumu lilikuwa halisogei hata kidogo. Ngozi ilikuwa imekunywa maji ikavimba, ikabana kila kitu. Mume wangu alilijaribu kwa vidole, kisha kwa meno, kisha akakaa chini kwenye sakafu na karai mbele yake. Nilijua anachokifikiria. Samaki mkubwa mbele, gurudumu limefunga, mshipi umemzunguka mtu mkono usiokuwa na nguvu. Nikayamwaga yale maji, nikaanza upya.

Nikajaribu kandambili. Mpira wake ukawa unanata na kuachia, unanata na kuachia, mshipi unatoka kwa kushtuka. Nikaitupa. Nikajaribu kitambaa cha jinzi kilichokunjwa, kikasagika. Nikashona kanzu ya mtu iliyokuwa inangojwa, huku macho yangu yakizunguka nyumba nzima yakitafuta kitu kigumu kinachoteleza kidogo na kisichokunywa maji. Nikakiona jikoni. Kifuniko cha kibuyu cha plastiki cha mafuta ya kupikia. Nikakata duara kwa mkasi wangu mbaya, nikatoboa katikati kwa msumari wa moto, nikalainisha kingo kwa jiwe. Tukaitia kwenye karai siku nzima. Jioni gurudumu lilizunguka vilevile kama lilipokuwa kavu.

"Sasa tunajuaje itamkabili samaki?" mume wangu akauliza. "Mkono wangu si samaki. Wako pia."

Nje, kwenye njia ya mchanga, punda wa jirani alikuwa anarudi kutoka kazi ya kubeba mawe, soji yake ya kubebea mizigo tupu mgongoni. Yule punda tulimjua wote Wiyoni: akishateremshwa mzigo, akiona njia ya kwao, hukimbia. Tukatazamana.

Jirani yetu, mwenye punda, ni mwanamke mkubwa kuliko mimi kwa umri, mjane, sauti yake husikika kabla yake. Nilimfuata mlangoni.

"Bi, nakuomba punda wako kidogo."

"Wataka kubeba nini?"

"Sitaki abebe kitu. Nataka akimbie tu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mtu huomba punda akimbie?"

"Ni jambo la mume wangu."

"Ah." Jibu hilo lilimtosha, kwake yeye wanaume walikuwa ni watu wa kufanya mambo yasiyo na maelezo. Akaja mwenyewe kushuhudia.

Tuliifunga rili kwenye ubao, mume wangu akaukalia ubao uani, karibu na mlango. Mimi nikafunga ncha ya mshipi kwenye soji. Mwenye punda akampiga punda kofi la kirafiki, na punda akashika njia ya kwao. Mshipi ukanyooka. Rili ikaanza kuzunguka, ikilia sauti nzito ya usawa, na mshipi ukatoka bila kujirundika, unapita mlangoni, unapita ukutani mwa jirani, unakwenda. Mume wangu akapiga kelele, "Kaza! Kaza kidogo!" Nikakaza skrubu kwa bisibisi. Punda akapunguza mwendo. Akasimama. Akageuza shingo kutazama ni nini kinachomshika, kisha akapiga teke, akakimbia tena, na rili ikampa tena.

"Punda wangu si papa!" jirani akapiga kelele, lakini alikuwa anacheka mpaka amejishika mbavu. Watu wawili waliokuwa wanapita walisimama. Tukaingiza rili ndani haraka, tukafunga mlango. Mume wangu alinishika bega kwa ule mkono wake mbovu, akaniambia, "Kesho."

Siku tuliyokutana na chewa, bahari ilikuwa imetulia. Chewa, au tewa kama wazee wetu wanavyomwita, ni samaki mnene wa mapangoni. Akipigwa hakimbilii mbali. Hurudi shimoni mwake, akafungua mashavu na mapezi, akajibana kama kabari. Mume wangu alimpiga akiwa nje ya pango. Nilisikia rili ikilia kidogo tu, kisha kimya. Alipotokea akaniletea bunduki mashuani.

"Mshike. Usimvute. Ukimvuta ataingia ndani zaidi."

"Ni mkubwa?"

"Mkubwa." Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa mapana. "Nashuka kumtoa."

Nikakaa na bunduki mapajani, kidole juu ya gurudumu. Mshipi ulikuwa umenyooka kuelekea chini, ukitetemeka kidogo. Akashuka, akarudi mikono mitupu. Akashuka tena. Kila mara alikaa chini zaidi na kila mara alirudi akiwa mweupe zaidi midomoni. Mara ya mwisho, alipotoa miwani, damu ilikuwa inamtoka puani, nyembamba, ikichanganyika na maji.

"Panda," nikasema.

"Mara moja tu tena. Nimeushika mshale, nimeuhisi."

"Panda mashuani."

"Mke wangu, tutampoteza. Mkono huu ungekuwa mzima ningeshamtoa!"

Hilo ndilo lililokuwa linamshusha chini, si samaki. Nikachukua kisu kilichokuwa chini ya ubao, nikakiweka juu ya mshipi.

"Ukishuka tena nakata. Wallahi nakata. Mshale uende, samaki aende, rili pia iende. Sikuja huku kukuvutia mipira ili uzame."

Tukatazamana, yeye majini na mimi juu. Sijawahi kumwambia mume wangu neno kwa sauti ile. Mwishowe akashika ukingo, nikamshika kwapani, akapanda. Akalala chali kwenye maji ya mashua, kifua kinapanda na kushuka.

"Na sasa?" akauliza akiwa amefumba macho.

"Sasa tungoje. Amejibana kwa sababu tunamvuta."

Nikalegeza skrubu mpaka gurudumu likawa jepesi kabisa. Mshipi ukalala majini. Nikabaki nimeushika baina ya vidole viwili, wepesi, kama ninavyoshika uzi unaopita. Jua lilipanda. Mume wangu alikunywa maji, akafuta pua, akakaa karibu yangu. Aliponiuliza kama nahisi kitu nilimwambia sihisi. Aliponiuliza tena nilimwambia anyamaze.

Kisha mshipi ukatembea. Si kwa kishindo. Ulipita tu baina ya vidole vyangu, taratibu, kama mtu anayetoka chumbani akidhani wenyeji wamelala.

"Anatoka," nikasema.

"Mwache. Mwache atoke kabisa."

Nikamwacha. Mshipi ukapita, ukapita. Mume wangu akaweka mkono wake mzima juu ya wangu, hapumui. "Sasa!"

Nikakaza skrubu na kuinua bunduki kwa nguvu zangu zote. Chewa akashtuka. Uzito ule sikuwahi kuujua: kitu hai, chenye hasira, kinachotaka kurudi chini. Gurudumu likalia, likampa kidogo, likashika. Washa yangu ya kibuyu ilishika. Kilichoshindwa ni gurudumu lenyewe, ile plastiki ya kale iliyochomwa na jua. Nilisikia "ta!" na ubavu wa gurudumu ukapasuka vipande viwili mikononi mwangu, mshipi ukaanza kumwagika pembeni.

Sikufikiri. Nikauzungusha mkononi juu ya leso, nikajitupa nyuma, miguu nimeiegemeza ukingoni. Mume wangu akaudaka mbele yangu kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauzungushia mshipi kwenye kifundo cha mkono juu ya shati, maana vidole havikumsaidia. Tukavuta. Mashua ililala upande. Akatuchukua, tukamrudisha. Akatuchukua tena. Leso ikakatika uzi mmoja mmoja na mshipi ukafika kwenye ngozi, nikapiga kelele lakini sikuachia. Mume wangu alikuwa anasema "Haya, haya, haya," kwa sauti ya chini, na mimi nikawa napumua kwa sauti yake.

Chewa alipotokea juu alikuwa kahawia mwenye madoa, kinywa kimefunguka kama mlango. Tulimwingiza mashuani kwa msaada wa wimbi, na tukaanguka wote watatu pamoja.

Halafu mume wangu akakiokota kile kipande cha gurudumu kilichopasuka, akakitazama, akaniangalia viganja vyangu, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Samaki tunaye," akasema. "Rili hatuna."

"Tutaitengeneza."

"Kwa kitu gani? Kwa kibuyu kizima?"

"Kwa mti."

Kuna fundi Amu, mchongaji, ambaye hutoa miguu ya vitanda na ya viti kwa mashine ya kuzungusha mti. Viganja vilipopona nilimpelekea vipande vya gurudumu vilivyounganishwa kwa gundi, nikamwomba anitengenezee kama hicho, kinene zaidi.

"Ni cha nini, Bi?"

"Ni cha kuzungushia uzi."

Akakigeuzageuza. Sikuwa nimemdanganya. "Uzi wako ni mnene basi," akasema, na hakuuliza zaidi. Alinitolea gurudumu la mvule, zito, laini kama yai. Tukalilaza kwenye karai, maana sasa mume wangu mwenyewe ndiye aliyelitafuta karai kabla sijasema. Mti ukavimba, kama ilivyovimba ngozi. Hatukukaa chini safari hii. Yeye akaenda kwa mafundi wa mashua akaleta sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka mbao za vyombo, na tukaliloweka gurudumu humo hadi mti ukakataa kunywa zaidi.

Nyumba ilinuka. Wateja wangu waliokuja kupimwa kanzu walisimama mlangoni, wakapimwa wakiwa mlangoni. Mmoja aliniuliza kwa adabu kama kuna kitu kimefia darini. Nilizitundika nguo za watu kwa mama yangu mjini mpaka harufu ilipopungua, na kila nilipokwenda kuzichukua mama alininusa bega, akatikisa kichwa, akanipa chai.

Rili ya mti tuliifunga kwa bolti mbili zinazopenya mti wa bunduki hadi upande wa pili, tukaweka washa mbili badala ya moja, na mshipi mpya. Haikuwa nzuri kuitazama. Ilikuwa kubwa, inanuka, na ilipozunguka ilitoa sauti ya mlango wa zamani.

Tuliipeleka nje ya Manda asubuhi moja maji yakiwa safi. Nikakaa ukingoni, mdomo wa bunduki majini, nikavuta mpira wa kwanza, nikavuta wa pili. Nikampa. Akaweka miwani sawa, akavuta pumzi, akashuka. Niliyatazama mapezi ya miguu yake mpaka yakapotea kwenye buluu. Nilikaa hivyo, mikono magotini. Kisha kutoka chini, kupitia mbao za mashua, nikaisikia rili ya mti ikianza kulia, taratibu, halafu kwa kasi, halafu kwa kasi ya kweli, bila kusita, na kichwa cha mume wangu kikatokeza mbali kuliko nilivyotazamia, mkono juu, anapiga kelele nimletee boya la kufungia mshipi, samaki bado anakwenda. Nikang'oa nanga, nikashika kasia.